Aliyebaki Amesimama Lamboni

Watu wakiniuliza ile seva niliianzisha kwa nini, nawajibu kwamba simu za Bariadi zilikuwa mbovu. Wanadhani natania. Mimi si mtu wa utani, waulize wanaonifahamu. Nilikuwa nimepunguzwa kazi Mwanza, miaka ile ya soko huria ambapo kila ofisi ya umma iligundua ghafla kwamba ina watu wengi mno, na hao watu wenyewe ndio sisi. Nilichukua mafao yangu nikanunua kompyuta kumi zilizotumika, printa na mashine ya fotokopi, nikarudi kwetu Bariadi kufungua stesheneri karibu na stendi. Nilimwambia mchoraji aandike kwenye ubao wa nje kwamba kuna intaneti. Nilidhani itakuwepo. Laini ya simu ilishika kwa muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai, halafu ikakatika, bili ikabaki. Wateja walikaa kwenye viti vyangu wakitazama skrini tupu, kisha wakatoka wakinong'ona kwamba yule mama ni tapeli.

Hapo ndipo nilipokumbuka disketi. Fundi mwenzangu, tuliyepunguzwa naye kundi moja, alinipa siku ya kuagana. "Chukua hizi," alisema, "utajifariji nazo huko porini." Ndani yake mlikuwa na dunia ya maandishi. Hakuna picha hata moja. Kompyuta inakuandikia kwamba umesimama mahali fulani, unaona kitu fulani, na njia inaelekea kaskazini na mashariki. Ukiandika "kaskazini" unasogea, nayo inakuandikia mahali papya. Mtu mwingine akiingia kwa kompyuta nyingine akafika pale ulipo, mnaonana, yaani mnasomana. Mnaweza kuongea, kupeana vitu, hata kugombana. Kompyuta moja ndiyo inayoitunza dunia yote, hiyo ndiyo seva, na zile nyingine zinaingia humo kwa nyaya. Simu haihitajiki kabisa, na nyaya nilikuwa nazo.

Dunia ile ilikuwa ya Kiingereza, imejaa majumba ya mawe, theluji na majoka. Nani Bariadi ana shida na joka? Nilifuta kila kitu. Masika yote yale, wakati wateja hawana hata cha kufotokopi, nilikaa naandika upya kwa Kiswahili. Niliandika kaya yenye zizi na vihenge. Niliandika lambo, na ng'ombe wakinywa ukingoni. Niliandika ngitili, yale malisho yanayofungwa ili nyasi zisaidie kiangazi. Niliandika kituo cha kununulia pamba, na ukiweka gunia lako pale mzani unakuambia uzito pungufu, na chini yake maneno: "Unaweza kubishana." Vijana walicheka mpaka machozi. Walibishana na mzani ule kuliko walivyowahi kubishana na wanunuzi wenyewe.

Sheria mbili nilizitunga mimi, na inabidi nizieleze. Ya kwanza ilikuwa ya salamu. Kwetu mtu haanzi kuongea kabla ya kusalimia, na salamu isiyoitikiwa ni ugomvi. Basi niliifundisha seva kwamba mtu akisalimia, iwatangazie wote waliopo: fulani ameitika, au fulani hajaitika. Ya pili ilikuwa ya kuondoka. Ukitaka kutoka ulipaswa kurudi nyumbani kwako mle ndani na kuandika "lala". Ukiinuka kitini bila kulala, mtu wako anabaki amesimama palepale ulipomwacha, kama mgomba, mpaka utakaporudi. Wengi walikuwa wakikurupuka kuwahi basi la Dutwa, kwa hiyo kijiji changu kilikuwa na watu waliosimama hovyo njiani. Wenzao waliwabebesha kuni, wakawasalimia kwa makusudi, halafu wakapiga kelele, "Jamani, huyu ana kiburi, hajaitika!"

Seva ile sikuizima. Niliiunga na betri za gari na inveta ili umeme ukikatika, na ulikuwa ukikatika kila uchao, kijiji kisife. Siku za mnada wa ng'ombe watu walijaa mpaka mlangoni.

Sasa nimseme mdogo wangu. Kwa Kisukuma kaka au dada wa mtu wa jinsia nyingine anaitwa ilumbu, na yule alikuwa ilumbu wangu wa pekee. Alibaki Sapiwi kwenye kaya ya marehemu baba, na mkewe na mtoto mmoja, akilima pamba kwa jozi ya maksai. Alikuwa mbishi. Mbishi wa kuzaliwa, wa kukataa uji wa moto na wa baridi pia. Mara ya kwanza kuona kijiji changu alicheka. "Dada, yaani umetoka Mwanza na vyeti vyako vyote kuja kuandika zizi?" Halafu akakaa. Alikuwa akipiga herufi kwa kidole kimoja. Mwisho wa siku nikamkuta bado amekaa, anachunga ng'ombe wangu wa maandishi kuelekea ngitilini, na ameshaanza kunilalamikia kwamba nimeweka lambo mbali na zizi. Nikalisogeza. Tangu hapo, kila alipokuja mjini na baiskeli yake kutafuta jembe au dawa ya pamba, lazima apite kwangu achunge kidogo. Mle ndani alitumia jina lingine, wala hakumwambia mtu. Alisema anapenda kusalimiwa na watu wasiomjua baba yake.

Ikatokea siku moja yupo kwangu, na kule Sapiwi ng'ombe wa jirani wakaibwa. Mwano ukapigwa. Kwa asiyejua, mwano ni yowe la hatari. Ukipigwa, kila mwanamume wa kijiji anaacha alichoshika anatoka na fimbo yake na mshale wake. Asiyetoka anaitwa mbele ya sungusungu, walinzi wa kijiji, na mkuu wao mtemi ndiye anayehukumu. Aliporudi jioni walikuwa wanamsubiri. Wakamuuliza alikuwa wapi. Alikuwa na uhuru wa kusema alikuwa hospitali, au benki, au kanisani. Mtu mwenye akili angesema hivyo. Yeye, mbishi yule, akasema ukweli wote kama ulivyo.

"Nilikuwa kwa dada yangu Bariadi, nachunga ng'ombe."

"Dada yako ana ng'ombe?"

"Wa maandishi. Wako ndani ya kompyuta. Kuna kijiji mle."

Jamani! Aliniambia mwenyewe jinsi baraza lilivyogawanyika. Wengine waliona anawakebehi, na mwenye ng'ombe walioibwa amekaa pale macho mekundu kwa kulia. Wengine waliona kitu kibaya zaidi. Wilayani kwetu kuna Gamboshi, kijiji ambacho Tanzania nzima inakisingizia uchawi, eti kuna mji usioonekana pale, taa zinawaka, na watu waliochukuliwa wanatumikishwa humo. Watu wa Gamboshi wenyewe wanalima pamba na kuhangaika kama sisi. Lakini mtu akisimama mbele ya wazee akasema kuna kijiji kisichoonekana, anasalimiana na watu asiowaona, anachunga ng'ombe wasio na mwili, wewe ungefikiri nini? Wakamtoza dume moja la ng'ombe.

Akakataa. Dume alilokuwa nalo ni moja ya yale maksai, na mvua zilikuwa zimekaribia. Kulitoa ni kukaa bila jozi ya kulimia. Nikamwambia, basi, mimi nitanunua dume, nilitoe, yaishe. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Ukilipa wewe, umesema nina kosa. Sikuwepo kijijini, dada. Mtu anaitikiaje mwano ambao hakuusikia?"

"Acha ubishi. Lipa upate amani."

"Nitalipa siku watakaponiambia kosa langu."

Wakamtenga. Kutengwa si kupigwa wala kufukuzwa, na ndiyo maana wageni hawaelewi ubaya wake. Unaendelea kuishi kwako. Ila hakuna anayekusalimia. Hakuna anayekupa moto jiko lako likizima, wala anayesimama nawe kisimani, wala anayekuja palizi. Mkeo akipita, wanawake wanageuza shingo. Ukifiwa, unazika mwenyewe. Na atakayekusalimia naye anatozwa dume kama wewe. Mpaka ulipe.

Basi akaanza kuja Bariadi karibu kila nafasi aliyopata. Hakuwa na shida ya jembe tena. Aliegesha baiskeli, akaniamkia, akakaa kitini, akaingia. Na mle ndani watu walimsalimia. Mwangaluka asubuhi, mwadila mchana, habari za ng'ombe, habari za nyumbani. Nilikuwa nafotokopi vyeti vya watu, namwangalia kwa pembeni, mtu mzima mwenye ndevu anaitika salamu kwa kidole kimoja, herufi moja moja, midomo ikichezacheza. Nilifurahi, na nilitaka kulia, na vilevile nilitaka kumzaba kibao kwa ubishi wake. Yote kwa pamoja.

Watu wa kwao walimtambua kwa kusalimia kwake. Yeye hata mle ndani aliuliza habari za ng'ombe kabla ya habari za watoto, na kwa Sapiwi nzima ni yeye peke yake mwenye tabia hiyo, aliirithi kwa baba. Siku ya mnada kijana mmoja wa kijijini kwao, mchuuzi wa ngozi, aliinua macho kutoka kwenye skrini yake, akatazama kiti cha upande wa pili, akamwona anavyopiga kidole. Aliandika "lala", akalipa, akaniaga kwa heshima zote akaondoka.

Mnada uliofuata alirudi na wenzake, akanivuta nje.

"Shikamoo dada. Sisi hatuna ubaya na ndugu yako. Lakini tumeuliza nyumbani."

"Mmeuliza nini?"

"Kama mle ndani sheria inafika. Mtemi amesema, palipo na salamu ni kijiji. Kwa hiyo inafika."

Niliwaka. Nilifunga stesheneri mchana kweupe, nikapanda pikapu ya pamba mpaka Sapiwi, nikamkuta mtemi nyumbani kwake anachonga mpini. Mzee mpole, mwenye sauti ndogo. Nilimsalimia kwa sababu nimelelewa, kisha nikaanza moja kwa moja.

"Baba, mlimtoza kwa sababu alikuwa mahali pasipokuwepo. Leo mnasema ni kijiji. Kama ni kijiji, basi alikuwa kijijini anachunga. Chagueni moja."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliweka panga chini.

"Mayu, mama, hatukumtoza kwa pale alipokuwa. Tulimtoza kwa pale ambapo hakuwepo. Mwenzake alilia, yeye hakuja. Mle kwako sijui ni nini, lakini vijana wanasema watu wanasalimiana. Nikiruhusu wamsalimie mle, kesho watamsalimia njiani, na keshokutwa mwano ukipigwa hatatoka mtu. Alete dume. Hatumchukii."

Alichosema kilikuwa na maana, na mpaka leo hilo linanikera. Wezi wa mifugo walikuwa wengi na polisi walikuwa mbali, na sungusungu ndio pekee waliokuwa wakitoka. Nilijua. Lakini nilikuwa nimekuja kumtetea ndugu yangu, nikaondoka na majibu ya mtu mwingine masikioni.

Ningeweza kuwafungia wale vijana wa Sapiwi wasiingie. Nilimwambia. Akasema hapana, waache, kijiji bila watu ni cha nini.

Siku ya mnada akaja kama kawaida. Nilikuwa kwenye seva yenyewe, kwa hiyo niliona yote. Aliingia zizini, kulikuwa na watu wanne. Akaandika mwadila. Skrini ikaandika: fulani anaondoka kuelekea kaskazini. Fulani anaondoka kuelekea mashariki. Mmoja baada ya mwingine mpaka wote wakaisha. Akawafuata kituo cha pamba. Wakaondoka. Akaenda ngitilini, wakaondoka. Na usisahau hawa watu wamekaa chumba kimoja, viti vinagusana, nasikia pumzi zao. Hakuna aliyegeuza kichwa. Vidole tu vinagonga, kaskazini, mashariki, kaskazini. Hata wa mjini ambao hayakuwahusu walishasikia, nao wakaogopa.

Mwisho alikwenda lamboni, mahali nilipopasogeza kwa ajili yake. Hapakuwa na mtu. Akakaa kidogo na ng'ombe wangu wa maandishi wanaokunywa maji bila kuisha. Halafu akainuka kitini.

"Hujalala," nikamwambia.

"Mwache asimame. Nimechoka mimi, kichwa kinaniuma."

Nikampa panadoli na maji. Akapanda baiskeli. Nilimwona anavuka barabara, akijikunyata ndani ya shati kama mtu mwenye baridi, na jua lilikuwa kali.

Ilikuwa malaria, nadhani, na ilikuwa imempanda kichwani. Yaliyobaki nimeambiwa na wifi yangu, mkewe. Homa ilimshika siku ile ile, na kesho yake alfajiri alikuwa hatambui mtu. Wifi akatoka nje akapiga mwano. Alipiga mpaka sauti ikakauka. Anasema aliona moshi wa majiko ya majirani, aliwasikia wanakohoa, alimsikia mtu anamkemea mbwa. Mwano unasikika kwa kila mtu, ndiyo kazi yake. Hakuna aliyetoka. Akamfunga mumewe kwenye keria ya baiskeli kwa khanga, mtoto mgongoni, akaisukuma peke yake kuelekea barabarani kungoja basi. Anasema mahali fulani njiani baiskeli ilikuwa nzito kuliko mwanzo, akajua. Hakusimama. Alisukuma tu mpaka barabara kuu, kwa sababu hakujua la kufanya lingine.

Nilinunua dume. Ndiyo, lile lile alilonikataza, kwa sababu maiti haiwezi kujichimbia kaburi, na mimi na wifi hatukuwa na nguvu za kuchimba ardhi ile. Nililikabidhi kwa mtemi kwa kamba, mbele ya watu. Kabla ya jua kuwa utosini uwanja wa baba ulikuwa umejaa. Walichimba, wakachota maji, wakaleta kuni na unga na michembe ya viazi, wanawake wakamkumbatia wifi wakalia naye, tena walilia kwa kweli, sitawasingizia. Yule aliyeibiwa ng'ombe ndiye aliyeshika jembe wa kwanza. Wifi alikaa chini anaitika salamu, moja baada ya nyingine. Nilipomkaribia akaniambia taratibu, "Wamekuja wengi. Kumbe tuna majirani wengi hivi."

Nilirudi Bariadi nikafungua stesheneri, maana kodi ya chumba haijui msiba. Seva ilikuwa bado inawaka, betri zimeshikilia. Nikaangalia lamboni. Alikuwa amesimama. Jina lake lile la siri, na chini yake ng'ombe wanakunywa. Kumwondoa ni kuandika neno moja tu. Niliandika herufi za mwanzo, nikazifuta.

Siku ya mnada wale vijana wa Sapiwi walikuja. Waliniamkia, wakanipa pole, wakakaa kwenye viti vyao. Nilidhani wataenda kubishana na mzani. Skrini yangu ikaanza kuandika: fulani anafika lamboni. Fulani anafika lamboni. Wakafika wote, na wa mjini wakafuata, mpaka lambo likajaa watu kuliko siku yoyote. Yule mchuuzi wa ngozi akawa wa kwanza.

Mwadila. Habari za ng'ombe?

Alimuuliza habari za ng'ombe kwanza, kwa desturi ya mwenyewe. Skrini ikasubiri kama nilivyoifundisha, halafu ikaandika: hajaitika. Akaja wa pili akasalimia. Hajaitika. Wa tatu. Hajaitika. Chumbani vilisikika vidole tu. Mmoja akageuka, macho yamemlowa, akaniambia, "Dada, kiti chake kile pale. Mwitikie wewe basi, hata neno moja."

"Siwezi," nikasema. "Aliyesalimiwa si mimi." Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka, na sikuomba radhi.

Hakubisha. Akageukia skrini yake, akaandika tena, mwadila, akaondoa mikono kwenye herufi akaiweka mapajani, akangoja. Wote wakangoja. Na mimi, niliyeuona udongo ukimfunika, nikasogeza kiti karibu na seva nikangoja pamoja nao.